Mwezi Husomwa kwa Kivuli

Maneno haya yalisemwa jioni mbele ya mkusanyiko wa wapenda anga, muda mfupi kabla ya kutoka nje kwenye darubini. Nayaweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo. Palipohitajika nimeongeza maneno.

Mabibi na mabwana, wazee wetu, vijana, na ninyi watoto mlioketi chini hapa mbele, habari za jioni.

Nawashukuru kwa kuja. Naona wengine mmebeba kamera, wengi mna simu, na kuna mzee pale nyuma amekuja na daftari na penseli. Mzee, shikamoo. Hiyo penseli usiifiche. Kwa zaidi ya miaka 200 ramani ya mwezi haikuwa na chombo kingine cha kuitengenezea.

Nianze na swali. Ni usiku gani unaofaa zaidi kupiga picha ya mwezi? Nasikia "mwezi mpevu". Kuna mwenye jibu jingine? "Mwezi mpevu" tena. Ndivyo nilivyoamini hata mimi, na imani hiyo ilinipotezea miaka mitatu.

Kila mwezi ulipopevuka nilitoka na kamera na kiweko chake cha miguu mitatu. Nilipiga, nikarudi ndani, nikafungua picha, na kila mara nilipata kitu kilekile: sahani nyeupe yenye madoa ya kijivu. Nilidhani kasoro ni lenzi. Nikajinyima, nikanunua nyingine kubwa. Sahani ikawa kubwa zaidi, basi. Kisha safari moja mawingu yalifunga wiki nzima. Yalipofunguka, mwezi ulikuwa umebaki nusu na ulichomoza usiku wa manane. Nilipiga picha chache kwa kuwa nilikuwa macho tu, nikalala. Asubuhi nilipoikuza moja, pale ambapo sehemu yenye mwanga inakutana na giza, niliona shimo. Shimo lenye ukuta wa duara. Nusu ya sakafu yake ilikuwa ndani ya kivuli cheusi, na katikati kilisimama kilele kidogo kinachong'aa.

Baadaye nilijua jina lake. Ni kasoko ya Arzachel, yenye upana wa kilomita 97 hivi, iliyopewa jina la al-Zarqali, mnajimu wa Toledo wa karne ya 11. Nilirudi kwenye picha zangu zote za mwezi mpevu kulitafuta shimo hilo. Lilikuwepo katika kila moja. Lilikuwepo, nami sikuliona. Mwanga ulikuwa mwingi, nami sikuliona.

Kwa nini? Usiku wa mwezi mpevu Jua liko nyuma yetu. Linaupiga mwezi usoni, na kila mlima unakificha kivuli chake nyuma ya mgongo wake, tusikione. Fundi lipu analielewa jambo hili kuliko sisi wapiga picha. Akimaliza ukuta haukagui kwa kusimama mbele yake na taa mkononi. Anaiweka taa ubavuni, mwanga utambae juu ya lipu, na hapo kila punje iliyobaki inatoa kivuli kirefu kuliko yenyewe. Ukuta ulioonekana laini mchana unajaa makovu.

Mwezini taa hiyo ya ubavuni iko kila usiku, isipokuwa usiku ule tunaoupenda. Iko kwenye mstari unaotenga mchana na usiku wa mwezi. Mtu anayesimama juu ya mstari huo anaona Jua likichomoza au likitua, na jiwe dogo mbele yake linatoa kivuli kama cha mnazi. Mstari huo hausimami. Kwenye ikweta ya mwezi unakwenda kilomita 15 hivi kwa saa, mwendo wa mpanda baiskeli asiye na haraka, na unauzunguka mwezi wote kwa siku 29 na nusu. Kila bonde na kila mlima unapitiwa na mstari mara mbili katika muda huo, wakati wa macheo na wakati wa machweo. Ukizikosa nafasi hizo mbili, unasubiri tena.

Kwa hiyo nawaomba leo mwondoke na swali moja tu. Mbele ya picha yoyote ya mwezi, kabla ya kuuliza ni kamera gani au ni lenzi gani, ulizeni: Jua lilikuwa upande gani?

Jua lilikuwa upande gani? Swali hili liliwatenga watu wawili waliotazama mwezi uleule, mwaka uleule.

Wa kwanza ni Thomas Harriot, Mwingereza, mtaalamu wa hesabu. Tarehe 26 Julai 1609 aliuelekezea mwezi darubini yake inayokuza mara sita, akachora alichokiona. Mchoro huo upo hadi leo. Una mstari wa mpaka uliokwaruzika, una madoa kadhaa ya wino, na huwezi kujua madoa hayo ni nini. Harriot aliuona ule ukwaruzo, akaunakili kwa uaminifu, akaishia hapo.

Miezi michache baadaye, kule Padua, Italia, mwanasayansi Galileo alitazama kwa darubini bora zaidi. Naye aliona mstari uliokwaruzika. Lakini Galileo alikuwa amejifunza kuchora. Miaka michache baadaye, 1613, chuo cha sanaa cha Florence kilimpokea kuwa mmoja wao. Mkono wake ulijua jinsi mwanga unavyolala juu ya kitu cha mviringo. Alitazama madoa meusi akaona kwamba yote yana weusi upande ule unaoelekea Jua, na ukingo mweupe upande wa pili. Kitu gani kinakuwa na giza upande wa Jua? Shimo. Bonde asubuhi, kabla Jua halijapanda juu ya ukuta wake. Kisha akaona nukta za mwanga ndani ya giza, mbali na mpaka, na nukta hizo zikakua kadiri saa zilivyokwenda mpaka zikaungana na sehemu yenye mwanga. Vilele hivyo! Vimepata jua kabla ya tambarare iliyo chini yake.

Hapo ndipo alipofanya jambo linalonisisimua kila ninapolisimulia. Alipima umbali kutoka kwenye mpaka hadi kwenye nukta ya mwanga, akaulinganisha na upana wa mwezi, akaweka pembetatu, akapata urefu wa mlima. Zaidi ya maili nne za Kiitalia, alisema. Leo tunajua kwamba Mons Huygens, mrefu kuliko yote katika safu ya Apenini ya mwezini, una kilomita 5.5 hivi. Mtu hajawahi kufika huko, hana kamera, hana hata saa nzuri, na anapima mlima wa mwezini kwa kivuli.

Na Harriot? Baada ya kitabu cha Galileo kutoka Machi 1610, michoro ya Harriot ilibadilika. Ile ya Julai mwaka huo ina mashimo yaliyochorwa waziwazi. Mwezi haukuwa umebadilika. Jicho ndilo lililofundishwa kutazama.

Sasa niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe ya kupiga, kwa sababu wengi mmeniuliza mlangoni. Kosa la kwanza ni kuiacha kamera iamue. Kamera inaona anga kubwa jeusi, inadhani kila kitu ni usiku, inaacha mwanga uingie muda mrefu, na mwezi unaungua wote ukawa mweupe. Kumbukeni mwezi ni nini. Ni jiwe lililoanikwa juani. Uko mbali na Jua karibu sawa na sisi, kwa hiyo unapigwa picha kama mandhari ya adhuhuri. Wakati wa mwezi mpevu tundu la lenzi f/11, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 100, na sekunde 1 ya 100 zinatosha. Mwezi wa nusu unahitaji muda mrefu zaidi, maana jua la kule mpakani linapita kiubavu na ni hafifu. Mwenye simu aguse mwezi kwenye kioo, ashikilie kidole, kisha ashushe mwanga taratibu mpaka weupe ugeuke kijivu na madoa yatokee. Kijivu ndiyo rangi yake ya kweli. Udongo wa mwezi unarudisha takriban asilimia 12 tu ya mwanga unaoupata, kama lami iliyochakaa.

Adui wa pili ni hewa yetu wenyewe. Mkitazama kwa darubini usiku wa leo mtaona kingo za kasoko zinatetemeka, kama jiwe mnalolitazama chini ya maji yanayotiririka. Dawa yake ni uvumilivu uliokabidhiwa kompyuta. Unarekodi video ya dakika mbili hivi, ndani yake mna picha elfu kadhaa, na programu inachagua zile chache zilizonaswa hewa ilipotulia, inazilaza moja juu ya nyingine mpaka ukungu unaisha. Picha nzuri mnazoziona za wapenzi wa mwezi nyingi zimepatikana hivyo. Nyuma ya picha moja kuna maelfu yaliyotupwa.

Haya. Nimekisifu kivuli, na haki inanitaka niseme pia kwamba kivuli kinadanganya. Na kukosekana kwake kunadanganya zaidi.

Siku moja baada ya robo ya kwanza, kwenye Bahari ya Mawingu, moja ya tambarare nyeusi za mwezi, utaona mstari mweusi ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Unaitwa Rupes Recta, Ukuta Ulionyooka, na una urefu wa kilomita 110 hivi. Mtu akiuona mara ya kwanza anaapa ni genge la kutisha. Urefu wake wa kwenda juu hauzidi sana mita 300, na upande wake ni mteremko tu, si ukuta uliosimama wima. Jua la chini ndilo lililourefusha. Rudi wiki mbili baadaye Jua likiwa upande wa pili: mstari ni mweupe, na genge halipo.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tangu mwanadamu awepo, aliuona mwezi upande mmoja. Mwezi unajizungusha kwa muda uleule unaotumia kutuzunguka, hivyo unatuelekezea uso uleule. Kwa kuyumbayumba kwake kidogo tunapata kuona asilimia 59, zaidi ya hapo hapana. Tarehe 7 Oktoba 1959 chombo cha Kisovieti, Luna 3, kilipita nyuma yake na kupiga picha 29. Fikirini ugumu wake. Kamera ilitumia filamu. Filamu ikasafishwa kwa dawa ndani ya chombo, ikakaushwa, ikapitishwa mbele ya mwanga na kusomwa mstari kwa mstari, kisha ikatumwa kwa redio. Picha zilizofika zilijaa mikwaruzo, na zilionyesha jambo ambalo halikutarajiwa: upande ule karibu hauna zile tambarare nyeusi tunazoziita bahari.

Lakini Jua lilikuwa upande gani? Lilikuwa nyuma ya kamera. Sehemu iliyopigwa picha ilikuwa imeangazwa usoni. Vivuli hakuna. Watafiti wakaona mstari mrefu unaong'aa, wakauona kuwa safu ya milima, wakaiita Milima ya Kisovieti, ikaingia kwenye ramani. Picha bora zilipopatikana, mahali pale hapakuwa na safu ya milima. Ule mstari ulikuwa miale ya vumbi jeupe lililotawanyika juu ya ardhi kutoka kwenye kasoko. Jina likafutwa. Siwasimulii haya kuwadharau watu wale. Kazi yao ilikuwa ya ajabu na nawaheshimu sana. Nawasimulia ili mwone kwamba hata ukifika mwezini kwenyewe, bila kivuli unaweza kuona mlima usiokuwepo.

Picha moja, basi, ina Jua lake moja, na inajua mambo ya saa moja tu. Ramani inahitaji asubuhi, adhuhuri na jioni zote kwa pamoja. Ndiyo maana hata baada ya kamera kuja, penseli haikustaafu. John William Draper alipata picha ya mwezi huko New York mwaka 1840, kwa kuacha bamba wazi dakika 20. Hata hivyo, ramani zilizosaidia kuwapeleka watu mwezini miaka ya 1960 zilipakwa kwa mkono. Kule Flagstaff, Marekani, kwenye kituo cha kutazamia anga cha Lowell, alikuwepo mchoraji aitwaye Patricia Bridges. Alikuwa na picha nyingi za eneo moja, kila moja na Jua lake, na pale picha zilipogoma alipanda kwenye darubini kubwa akatazama kwa macho yake. Kisha kwa bomba dogo la kupulizia rangi alijenga ardhi juu ya karatasi, kilomita kumi kwa kila sentimita, kana kwamba mwanga wote unatoka upande mmoja. Mwanga huo haujawahi kuwepo mwezini. Ni mwanga wa ramani, na bila huo rubani asingejua kipi ni kilima na kipi ni shimo.

Mtoto mmoja hapa mbele ameniambia kabla hatujaanza kwamba kwenye picha yangu ya ukutani anaona vipele, haoni mashimo. Mwanangu, hujakosea. Macho yetu yamezoea mwanga wa kutoka juu. Picha ikiwa na Jua chini, akili inageuza: shimo linakuwa kipele. Igeuze picha juu chini, vipele vitadidimia mbele yako. Ijaribu kwenye simu ya mzazi wako ukifika nyumbani.

Nije kwenye majina, maana ramani bila majina ni picha tu. Hapa kuna mtu ninayetaka mwondoke mkimjua.

Majina mengi tunayotumia yalianza na mapadre wawili wa Bologna, Riccioli na Grimaldi, mwaka 1651. Wao ndio waliotupa Bahari ya Utulivu, na wao ndio walioziita kasoko kwa majina ya wanazuoni. Lakini baada yao kila mchora ramani aliongeza ya kwake. Beer na Mädler huko Berlin walitoa ramani kubwa miaka ya 1830, kwa darubini yenye lenzi ya milimita 95 tu. Darubini iliyosimama nje leo ni kubwa kuliko ile! Kisha wakaja wengine, na kufikia mwanzo wa karne ya 20 fujo ilikuwa kamili. Kasoko moja ina majina matatu. Jina moja linaitwa kwenye kasoko mbili. Mtu akiandika "nimeona badiliko mahali fulani", nani atajua ni mahali gani?

Kazi ya kufumua fundo hilo ilimwangukia mwanamke aliyeitwa Mary Blagg. Alizaliwa 1858 katika mji mdogo wa Cheadle, Uingereza. Hesabu alijifunza mwenyewe kwa vitabu vya shule vya kaka zake. Sayansi ya nyota aliipenda akiwa mtu mzima, alipohudhuria mihadhara ya jioni. Alipopewa kazi hii alikaa na ramani za watu waliokuwa hawaelewani, akazipitia doa kwa doa, kasoko kwa kasoko, akiandika: huyu anapaita hivi, yule hivi, wa tatu amepaacha. Orodha yake ilitoka 1913. Mwaka 1916 akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupokelewa katika Chama cha Kifalme cha Astronomia. Mwaka 1935, pamoja na Karl Müller wa Vienna, alikamilisha orodha iliyokubaliwa na mataifa, na ndiyo msingi wa majina ya leo.

Hiyo ni kazi ambayo haina picha ya kuning'iniza ukutani. Ni safu za majina. Lakini kila mara mnapotaja kasoko ya Copernicus au ya Plato na mwenzenu akajua mnasema wapi, mnamtumia yeye. Kuna kasoko yenye jina lake, ndogo, kilomita 5 hivi, karibu kabisa na kitovu cha uso wa mwezi tunaouona. Nimeipiga mara nyingi. Ni kanukta. Kila nikiipata nafurahi.

Na majina nayo yana mitego. Kwenye ukingo wa magharibi wa mwezi iko Mare Orientale, yaani Bahari ya Mashariki. Mashariki iko magharibi? Naam. Ilipopewa jina, pande za mwezi zilihesabiwa kwa kufuata anga letu. Mwaka 1961 wanaastronomia waliamua pande zihesabiwe kama anavyoziona mtu aliyesimama mwezini, wakitazamia kwamba mtu atasimama kweli, na mashariki ikageuka magharibi. Jina likabaki. Mwaka uliofuata William Hartmann na Gerard Kuiper walifanya jambo rahisi: walizimulika picha za mwezi juu ya tufe jeupe, wakasogea kando ya tufe hilo ili waone sehemu za ukingoni kana kwamba wako juu yake. Pale penye Bahari ya Mashariki wakaona miduara mikubwa iliyopangana, mmoja ndani ya mwingine, wa nje ukiwa na upana wa kilomita 930 hivi. Mgongano wa kutisha, ulioandikwa usoni mwa mwezi. Picha zilikuwepo siku zote. Zilikuwepo, hazikuonekana, mpaka mtu aliposogea upande.

Ndugu zangu, kutunza picha nako ni sehemu ya kupiga picha. Mwaka 1966 na 1967 Wamarekani walipeleka vyombo vitano vya Lunar Orbiter, vikapiga asilimia 99 ya uso wa mwezi. Navyo vilitumia filamu, vikiisafisha hukohuko angani. Mawimbi yaliyopokelewa duniani yaliwekwa kwenye kanda kubwa za sumaku, na kilichochapishwa kilikuwa nakala hafifu ya kilichomo ndani. Miaka ikapita. Mashine za kusomea kanda zikawa za kizamani, ofisi zikataka nafasi. Mtunza kumbukumbu mmoja, Nancy Evans, alikataa kuziacha kanda zitupwe. Mashine zenyewe, kila moja kubwa kama jokofu, alizihifadhi kwenye gereji ya nyumba yake kwa miaka mingi. Mwishowe kikundi kidogo huko California kilizichukua, kikaingia kwenye jengo la mgahawa uliofungwa, kikazifufua. Novemba 2008 walitoa picha ya kwanza: Dunia ikichomoza juu ya ukingo wa mwezi, iliyopigwa 1966, sasa ikiwa safi kuliko watu wa 1966 walivyopata kuiona. Maelfu ya vijiwe na vivuli vyake vilikuwa vimelala gizani ndani ya kanda. Mnaopiga kwa simu na kufuta ili kupata nafasi, tafadhali, hamisheni kwanza. Na andikeni tarehe na saa. Picha ya mwezi isiyo na saa haijibu swali letu la Jua.

Leo kuna chombo cha Wamarekani kiitwacho LRO, kilichorushwa Juni 2009, kinachouzunguka mwezi na kuona vitu vya nusu mita. Kinapima urefu wa ardhi kwa miale ya leza, hakihitaji pembetatu ya Galileo. Mtu atauliza: kivuli kimemaliza kazi? Nitawajibu kwa bendera. Watu walitaka kujua kama bendera zilizoachwa na wanaanga wa Apollo bado zimesimama. Kutoka juu bendera ni nyuzi tu. Basi wakapanga picha za mahali palepale asubuhi, mchana na jioni, wakatafuta kivuli kinachozunguka mahali pamoja kama mshale wa saa. Kwenye vituo vya Apollo 12, 16 na 17 walikiona. Zimesimama.

Na kuna mahali ambapo kivuli hakiondoki kabisa. Mhimili wa mwezi umeinama nyuzi 1.5 tu, hivyo kwenye ncha zake Jua linatambaa ukingoni mwa upeo bila kupanda. Sakafu ya kasoko ya Shackleton, kwenye ncha ya kusini, haipati jua katu. Humo na katika jirani zake ndimo watafiti wanamotafuta barafu; Oktoba 2009 kifaa kiligongeshwa makusudi ndani ya kasoko ya Cabeus, na katika vumbi lililoruka mlipatikana maji. Unapigaje picha mahali pasipo na mwanga? Desemba 2022 chombo cha Korea Kusini, Danuri, kiliingia kwenye mzunguko wa mwezi kikiwa na kamera iitwayo ShadowCam, yenye wepesi wa kuhisi mwanga mara 200 kuliko ile iliyoko LRO. Inatumia mwanga unaogonga mlima wa jirani ukadundia shimoni. Sasa tunaona mawe yaliyolala mle, na nyayo za mawe yaliyobingirika kutoka ukutani.

Nimesema ya kutosha. Leo mwezi una siku tisa. Saa hii hii Jua linachomoza juu ya Copernicus, shimo la kilomita 93. Nilipochungulia kabla ya kuingia humu, sakafu ilikuwa nyeusi tii, ukuta wa magharibi ulikuwa umewaka kama pete iliyokatika, na vilele vya katikati sikuviona. Darubini ya kulia tumeielekeza hapo. Ya kushoto iko juu ya Plato. Mzee mwenye penseli awe wa kwanza, tafadhali mpisheni. Chora ule weusi, mzee, usichore mwanga. Andika saa pembeni. Kisha uende ukae, unywe maji, urudi baada ya nusu saa uchore tena kwenye ukurasa wa pili.

Watoto, shikaneni mikono kwenye ngazi. Zimeni tochi za simu mkifika mlangoni, macho yanahitaji dakika chache kuzoea giza.